Karani wa Mkataba Mbele ya Wasaili



Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona tu wakati wa chai, nalo ni habari ya mtumishi wa mkataba anapoitwa mbele ya wasaili kuomba kazi ya kudumu. Twajua ya kuwa wako miongoni mwetu wenye barua za ajira zilizokwisha kugeuka rangi kwa ukale, nao watasema kwamba jambo hili haliwahusu. Twawaomba wasome vivyo hivyo. Siku hizi ni nadra kuona ofisi isiyo na karani wa mkataba, na mara nyingi yeye ndiye ajuaye ni faili gani lililolala katika kabati gani.

Hali yake yajulikana. Huandikwa kwa mwaka mmoja au miwili. Mkataba ukiisha huongezewa mwingine, na mwingine tena. Hufanya kazi ile ile afanyayo jirani yake wa meza ya pili, ila jirani ana hakika ya mwakani, naye hana. Hatimaye nafasi hutangazwa. Kwetu Tanzania nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, iliyowekwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, na kanuni yake ni ushindani wa wazi: mwenye mkataba huomba kama aombavyo kijana aliyetoka chuoni jana. Hufanya mtihani wa mchujo wa kuandika, na kwa kazi nyingine mtihani wa vitendo, kisha huitwa kwa mahojiano. Huingia na moyo mkunjufu, akisema nafsini mwake, "Kazi hii naijua, nimeifanya miaka minne." Hutoka akiwa bado anatabasamu. Majina ya walioitwa kazini yakitolewa, lake halimo. Na juma lifuatalo huombwa kwa upole amwonyeshe mgeni mahali funguo zinapowekwa.

Sisi tuandikao haya tumeyaonja. Tulikuwa katika mkataba wetu wa tatu, katika masjala ya ofisi moja ambayo hatutaitaja, nafasi ilipotangazwa nasi tukaomba. Chumbani tuliwakuta watu watano nyuma ya meza, na mmoja wao alikuwa mkubwa wetu ambaye kwa miaka yote ile tulikuwa tukimpelekea mafaili asubuhi na alasiri. Tulipomwona tulifurahi sana, tukaona shauri limekwisha. Katika swali la tatu mama mmoja alisema, "Tueleze siku moja ulipogundua kosa kazini. Ulifanya nini?" Nasi tukajibu kwa sauti nzuri, "Katika masjala yetu huwa tunahakikisha kwamba kumbukumbu zote zinatunzwa kwa utaratibu, na kosa likitokea tunashirikiana kulirekebisha." Mama yule akauliza tena, "Wewe mwenyewe, siku hiyo, ulifanya nini?" Tukarudia yale yale, kwa maneno mengi zaidi. Kazi hatukuipata.

Baada ya miezi michache tulikutana na yule mkubwa wetu katika mazishi ya mtumishi mwenzetu. Alituvuta kando, akasema, "Kijana, habari ya yale mafaili ya wastaafu mimi naijua. Nilikaa nikikungoja uiseme. Hukuisema, na mimi sikuwekwa pale ili nikusemee."

Maneno hayo tumekaa nayo tangu siku ile, na twaona ni afadhali kuyagawa kuliko kuyaweka.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu tumelelewa katika methali hiyo, na karani wa mkataba huiamini kuliko watu wote: huona kwamba akifika mapema, akaondoka mwisho, na asipoteze barua, kazi itamsemea. Methali hiyo yafaa sokoni, kwa maana mnunuzi aweza kulishika embe na kulinusa. Chumbani mwa usaili hakuna embe juu ya meza. Kuna karatasi yenye maswali, maswali yale yale kwa kila aingiaye, na kando yake mahali pa kutia alama. Msaili anayefuata utaratibu hatii alama kwa yale ayajuayo ya nje ya chumba, hata awe ameketi na msailiwa katika ofisi moja miaka kumi. Akifanya hivyo atakuwa amemdhulumu yule kijana asiyejulikana na mtu, aliyesafiri usiku kucha kwa basi ili aketi kwenye kiti kile kile. Tulipokuwa na hasira hatukutaka kulikubali jambo hili, sasa twalikubali.

Usaili wa namna hii huitwa usaili wa umahiri. Haumwulizi mtu anajua nini, wala ana maoni gani juu ya bidii na uaminifu. Humwuliza alitenda nini siku fulani, kwa kuwa walioutunga huamini kwamba tendo lililokwisha kutendwa ndilo lililo karibu na lile litakalotendwa. Si jambo la jana. John Flanagan, Mmarekani, alishughulika na uchaguzi wa marubani wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1954 akaandika juu ya njia ya kukusanya matukio halisi, yaani mtu alifanya nini hasa pale kazi ilipofaulu au ilipoharibika. Kisha mwaka 1973 David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard akaandika kwamba ni afadhali kupima umahiri wa mtu kuliko kupima akili zake kwa mitihani ya darasani. Moja ya mifano yake ilikuwa maofisa wa habari ambao Serikali ya Marekani iliwapeleka nchi za nje. Mtihani wao wa maarifa haukuonyesha nani angefanya kazi vema akifika huko. Basi watumishi wa serikali walikuwamo katika jambo hili tangu mwanzo wake, nasi twaona fahari kidogo, ingawa si fahari ya kula.

Leo Umoja wa Mataifa, wenye ofisi zake kubwa pale Nairobi, huwasaili watu kwa njia hii, na katika matangazo yake ya kazi hutaja waziwazi umahiri utakaopimwa, kama vile kushirikiana na wenzako, kupanga kazi, na kuwasiliana. Maswali ya namna hiyo yamekwisha kuingia katika vyumba vya usaili vya kwetu pia, kama wasimuliavyo wengi wanaotoka humo wakifuta jasho.

Tena kuna hesabu ambazo twataka kila mwenye mkataba azitazame kwa utulivu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Katika kipimo chao, 0 maana yake njia ile haikusaidii kitu kubashiri nani atafanya kazi vizuri, na 1 maana yake yabashiri bila kosa. Usaili wenye maswali yaliyopangwa ulipata 0.51, usaili wa mazungumzo ya hivi hivi ulipata 0.38, na hesabu ya miaka ambayo mtu amekaa katika kazi ilipata 0.18. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya, wakaushusha usaili uliopangwa hadi 0.42, walakini ukawa juu ya njia nyingine zote walizolinganisha.

Ile 0.18 ilituuma tulipoisoma. Sisi ndiyo tuliyokuwa tumeitegemea! Haisemi kwamba miaka yetu ilikuwa bure. Yasema kwamba miaka peke yake haimwambii mgeni kama ndani yake tulikuwa tukifanya kazi au tukiota jua. Mtu aliyekaa masjala miaka minne na akafanya jambo lile lile kila siku ana mwaka mmoja uliorudiwa mara nne. Na mwenzake aliyekaa miezi kumi na minane, akakutana na mafuriko ya barua, na kuhamishwa kwa ofisi, na kuingia kwa kompyuta, aweza kuwa na mengi zaidi ya kusema. Lazima ayaseme, lakini.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kidonda chenyewe. Sisi hatujui kusema "mimi."

Shule ya misheni iliyotusomesha ilitufundisha kwamba mtu mwema hajihesabii matendo. Tulisomewa mara nyingi habari ya wale wawili waliopanda hekaluni kusali, mmoja akasimama kuhesabu mema yake, na mwingine akajipiga kifua. Na hakuna mtoto aliyetaka kuwa yule wa kwanza. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mtu akisema "mimi nilifanya, mimi nilileta," wazee hutazamana. Hata katika dokezo la ofisi tumezoea kuandika "ilionekana vema" na "hatua zilichukuliwa," kama kwamba hatua hujichukua zenyewe zikaenda. Na katika ukurasa huu, kama msomaji aonavyo, twasema "sisi" hata pale ambapo aliyefanya alikuwa mmoja, tena peke yake, tena usiku. Ni ada nzuri ya jarida, wala hatuna nia ya kuiacha.

Walakini msaili hawezi kuiajiri "sisi." Nafasi ni ya mtu mmoja. Asikiapo "tulishirikiana," huuliza kwa haki kabisa: katika kushirikiana huko, wewe ulibeba upande gani wa mzigo? Tusipomjibu huandika sifuri au moja, si kwa chuki, bali kwa sababu hana kitu cha kuandika. Nasi twaamini kwamba kutaja tendo lako kwa ukweli, unapoulizwa na mwenye haki ya kuuliza, si majivuno. Karani akiulizwa na mkaguzi, "Nani aliyepokea barua hii?" hasemi "tuliipokea." Hutaja jina na kutia sahihi. Basi na alione swali la msaili kuwa ni la namna ile ile: anaombwa atie sahihi juu ya kazi yake mwenyewe. Hana ruhusa ya kutia sahihi juu ya kazi ya mwenzake, na hapo wengine hupotea kwa upande wa pili, wakasema "mimi" hata kwa jambo ambalo wao walikuwa wameshika taa tu. Wasaili huuliza maswali ya nyongeza: ulianzia wapi, nani alikupinga, ungefanya nini tofauti? Katika swali la tatu la namna hiyo uongo huishiwa pumzi.

Sasa, mtu hawezi kukumbuka matendo yake akiwa ameketi mbele ya watu watano na mate yamemkauka. Hayo ni ya kuandikwa mapema, siku yalipotendeka. Twamshauri kila mwenye mkataba anunue daftari dogo la bei nafuu na kuliweka nyumbani, si ofisini. Kila Ijumaa jioni aandike jambo moja tu la juma lile: nini kilitokea, yeye aliambiwa au aliamua afanye nini, alifanya nini, mwisho wake ukawa nini, na ni hesabu gani yaweza kuonyesha hivyo, mafaili mangapi, siku ngapi, shilingi ngapi. Majuma mengi atasema hakuna kitu. Aandike hivyo, "hakuna." Mwisho wa mwaka atakuwa na mambo kumi na mawili au kumi na matano ya kweli, na katika hayo matano au sita ya kusimama nayo popote. Mwenye ajira ya kudumu akisahau matendo yake, ofisi bado ina faili lake. Mwenye mkataba akisahau, hakuna mwingine aliyeandika.

Ila tunzeni siri. Sisi makarani twashika mambo ya watu: magonjwa yao, mikopo yao, mashauri yao ya nidhamu. Daftari hilo lisiwe na jina la mtu wala namba ya faili, na mbele ya wasaili msiwataje. Msailiwa aliyesimulia kwa majina yote shauri la mtumishi mwenzake atakuwa ameonyesha umahiri mmoja tu, wa kuvujisha.

Ile habari ya mafaili ya wastaafu, ambayo mkubwa wetu alikaa akiingoja, hivi ndivyo tulivyopaswa kuisema. Nayo twaiandika hapa kwa "mimi" ili ionekane ilivyo:

"Mwezi wa Machi nilikuwa nikitayarisha faili la mtumishi aliyebakiza miezi sita kustaafu. Niliona ndani yake barua ya kuthibitishwa kazini yenye tarehe ya kabla mtu huyo hajaajiriwa. Nililinganisha cheki namba, nikaona barua ni ya mtumishi mwingine mwenye majina kama yake. Siku ile ile nilimwarifu mkuu wa masjala, nikaomba ruhusa ya kukagua mafaili ya watumishi wote wenye majina yaliyofanana. Nilikagua mafaili 212 kwa majuma matatu, baada ya saa za barua za asubuhi. Nilikuta barua 17 zilizoingia mahali pasipo pake, nikazirudisha, nikaandika dokezo lenye orodha yake. Barua mbili sikuzipata zilikotoka, nikaziandikia idara zilizozileta. Tangu hapo nikawa naandika cheki namba juu ya kila barua kabla ya kuiingiza. Mzee yule alistaafu bila faili lake kurudishwa hata mara moja."

Ukiisema kwa utulivu haipiti dakika mbili. Ina pahali pake, ina jukumu, ina matendo ya mtu mmoja, ina mwisho. Wenye elimu hiyo huita mpango huo STAR, neno la Kiingereza lenye maana ya nyota, kwa herufi za kwanza za maneno manne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulitenda nini, matokeo yakawa nini. Mpango wenyewe ni rahisi, lakini wengi huumwaga wakati wao wote katika lile la kwanza. Husimulia hali ya ofisi, na uchache wa makabati, na mkuu aliyekuwapo kabla ya mkuu wa sasa, hata saa ikaisha nao hawajafanya kitu katika hadithi yao wenyewe. Nusu ya maneno na zaidi yawe juu ya lile la tatu. Na zile barua mbili ambazo hatukuzipata zilikotoka tumeziacha humo kwa makusudi, kwa maana hadithi isiyo na doa haiaminiki.

Hilo latuleta kwenye swali ambalo watu wa mkataba huliogopa kuliko yote: "Tueleze wakati uliposhindwa." Mwenye ajira ya kudumu hujibu bila taabu. Mwenye mkataba huona ni mtego, kwa kuwa ameishi miaka kadhaa akiamini kwamba kosa moja likijulikana mkataba hautaongezwa. Basi husema, "Kwa kweli sijawahi kushindwa," au husema lile la kale, kwamba kosa lake ni kufanya kazi kupita kiasi. Tumesikia ya kuwa wasaili wakisikia hilo la pili hutazama dirishani. Chagueni kosa la kweli, lisilo la aibu wala la jinai, ambalo mlilirekebisha na mkabadili jambo kwa sababu yake, kisha mliseme kwa unyofu. Kimya cha woga tulichojifunza katika mkataba ni lazima tukiache mlangoni mwa chumba kile.

Juu ya tangazo la kazi hatutasema mengi. Lisomeni kwa kalamu mkononi. Kila palipoandikwa kazi za kufanya, andikeni kando tendo lenu moja kutoka katika daftari. Pasipo na tendo, jueni kwamba hapo ndipo mtakapoulizwa. Kuhusu karatasi, wengi wamerudishwa mlangoni kwa mambo madogo kabisa: jina lililo na herufi moja zaidi katika cheti cha kuzaliwa kuliko katika cheti cha kidato cha nne, pasipo hati ya kiapo ya majina, au karatasi ya matokeo iliyoletwa mahali pa cheti chenyewe, ambayo matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba haikubaliwi. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa. Mwenye mkataba unaoishia mwezi ule ule na ajiwekee akiba mapema.

Twajua kuna ndugu zetu watakaosema kwamba tunajisumbua, kwa kuwa kila kazi ina mwenyewe kabla haijatangazwa. Hatusemi kwamba upendeleo haupo. Tuna macho. Lakini twaona neno hilo limekuwa mto laini wa kulalia wale ambao hawakujitayarisha, sisi tukiwa wa kwanza: kwa miezi ile yote kabla ya mazishi tuliwaambia watu nyumbani kwamba nafasi yetu ilichukuliwa na mpwa wa fulani. Haikuwa hivyo. Aliyeichukua alikuwa binti mmoja asiyemjua mtu katika ofisi ile, naye tulipomfundisha kazi tuligundua kwamba alikuwa amefanya mengi katika kazi yake ya kujitolea mahali pengine, na aliyakumbuka yote kwa tarehe. Tena usaili wa maswali yaliyopangwa na alama zilizoandikwa ndio unaompa taabu mwenye mpwa, kwa maana ataulizwa karatasi. Asiye na mjomba ndiye anayepaswa kuupenda zaidi.

Baada ya kusema hayo kwa wenzetu, tunayo ya kuwaambia wakuu wa kazi, na twayasema kwa heshima. Mnamtaka karani wa mkataba aeleze matendo yake, lakini ni nani anayempa tendo lenye jina lake? Akiandika barua, sahihi ni ya mwingine. Akishika nafasi ya mkuu wa masjala aliye likizo, hakuna barua ya kumkaimisha, huambiwa tu "tusaidie-saidie." Yakija mafunzo ya siku mbili juu ya mfumo mpya wa kumbukumbu, hupelekwa wa kudumu, kisha wa mkataba ndiye anayeutumia. Mwisho wa mkataba huondoka na mkono wa kwaheri. Hili la mwisho si la hisani hata kidogo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi wake. Na mengine hayagharimu fedha. Kumwandikia mtu kwa mistari mitatu, "Kuanzia leo utashughulikia mafaili ya likizo, nawe utatoa taarifa kila mwezi," ni kazi ya dakika tano. Na mistari hiyo mitatu yaweza kuwa ndiyo yote aliyo nayo siku atakapoulizwa.

Sisi tuliomba tena mwaka uliofuata, katika ofisi nyingine, tukaulizwa swali lililokuwa ndugu ya lile la kwanza. Tulijibu kwa "mimi." Sauti ilitetemeka kidogo, na neno lenyewe lilikaa mdomoni kama kiatu kipya, lakini tulifika mwisho wa hadithi, na msaili mmoja akauliza juu ya zile barua mbili. Nafasi hiyo ndiyo tuliyomo sasa.

Hatukufika hapo kwa kusoma peke yetu. Mzee mmoja wa masjala, aliyekuwa karibu kustaafu, alikubali kukaa upande wa pili wa meza majuma manne mfululizo, akiwa na saa yake na karatasi ya alama aliyoichora kwa rula. Kazi yake ilikuwa neno moja. Kila tuliposema "tuli-" aligonga meza kwa kalamu, akauliza, "Wewe mwenyewe?" Jioni ya kwanza aligonga mara kumi na tisa. Ya nne aligonga mara mbili.

Kwa hiyo tumemwomba Katibu atuachie chumba cha chama kila Jumamosi kuanzia saa nne ya asubuhi, naye ametukubalia hadi mwisho wa robo hii. Mwenye mkataba ye yote na aje, awe mwanachama au asiwe, na daftari lake hata likiwa na ukurasa mmoja. Wenye ajira ya kudumu wanatakiwa kwa ajili ya kile kiti cha upande wa pili. Kalamu ya kugongea ipo.